Mashahidi Wanapopishana

  

Mwezi huu tunaziweka kando kidogo habari za chanjo na lishe, tuzungumze jambo ambalo wengi hudhani ni la mahakimu na mawakili peke yao. Jambo lenyewe ni ushahidi. Tunalileta katika ukurasa huu kwa sababu mama wa nyumbani ni shahidi na ni mwamuzi karibu kila siku ya maisha yake. Fedha zikipotea kabatini, yeye ndiye huamua nani kachukua. Yowe likipigwa usiku, yeye ndiye huulizwa kesho yake, "Mayu, ulimwona nani?" Tena mwanawe mwenyewe anaweza kusimama kizimbani siku moja, watu wawili wakaapa kwamba walimwona, na maneno ya watu hao yasipatane. Siku hiyo mama huyo atapiga magoti kuomba kwamba wanaoamua wajue la kufanya na maneno yasiyopatana.

Je, sisi wenyewe tunajua la kufanya?

Watu kumi na wawili

Katika nchi kama Uingereza na Marekani, kesi nyingi kubwa za jinai huamuliwa na raia wa kawaida, kwa desturi watu 12. Wanaweza kuwa mwalimu, fundi, muuza duka, mama wa nyumbani. Kundi hilo huitwa juri. Hakimu husimamia sheria, lakini wao ndio husema kama mshtakiwa ana hatia au hana. Ni mpango mzuri, maana vichwa kumi na viwili hupima jambo kuliko kichwa kimoja. Hata hivyo vichwa kumi na viwili vinaweza kupotea pamoja.

Mwezi Julai 1984, katika mji wa Burlington, jimbo la North Carolina, Marekani, mwanafunzi mmoja wa chuo alivamiwa usiku chumbani mwake akabakwa. Usiku uleule mwanamke wa pili alitendewa ukatili wa namna hiyohiyo. Mwanafunzi yule alijitahidi kuukariri uso wa mbakaji. Polisi walipomwonyesha picha, alichagua picha ya kijana aitwaye Ronald Cotton. Katika gwaride la utambulisho akamchagua tena. Mwanamke wa pili hakumchagua Cotton katika gwaride. Alimnyooshea kidole mtu mwingine.

Hapo, akina mama, mashahidi walikuwa wamepishana waziwazi. Lakini kesi iliposikilizwa Januari 1985, juri haikuelezwa habari ya yule mwanamke wa pili. Iliona tu mwanamke mmoja aliyeumizwa, mkweli, akisema bila kusita, "Ni huyu." Cotton akafungwa maisha. Kesi iliporudiwa mwaka 1987, yule mwanamke wa pili naye alikuwa amebadilika, akasema ni Cotton. Mfungwa mwingine, Bobby Poole, aliyekuwa amejigamba gerezani kwamba yeye ndiye aliyetenda, aliletwa mahakamani, na wanawake wote wawili hawakumtambua. Cotton akatiwa hatiani kwa makosa yote mawili.

Mwaka 1995 vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba mbakaji alikuwa Poole. Cotton alitoka gerezani baada ya miaka zaidi ya kumi. Yule mwanafunzi, akiwa sasa mama wa watoto, alikutana naye na kumwomba msamaha, naye akamsamehe. Tangu hapo wawili hao wamesimama pamoja mbele ya watu kueleza jinsi macho yanavyoweza kudanganya.

Tuangalie vizuri: katika habari hiyo hakuna shahidi aliyesema uongo. Wote waliamini walichosema. Kosa lilikuwa kwamba tofauti kati yao haikuwekwa mezani na kuchunguzwa. Ilifunikwa, na muda ukaimeza.

Na kwetu je?

Tanzania hatuna juri. Hata Kenya wakati wa ukoloni juri ilikuwa kwa mshtakiwa Mzungu. Mwafrika alihukumiwa na Jaji aliyekaa na wazee wa kumshauri. Mtindo huo wa wazee wa baraza ndio tuliourithi nasi. Kwa miaka mingi kesi za mauaji katika Mahakama Kuu zilisikilizwa na Jaji pamoja na washauri wasiopungua wawili. Kila mmoja wao alitoa maoni yake, ingawa Jaji hakufungwa nayo. Mwaka 2022 sheria ilibadilishwa, na sasa Jaji anaweza kusikiliza kesi hizo bila wao. Katika Mahakama za Mwanzo, Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984 ilikwenda mbali zaidi: wazee wa baraza walipotofautiana na hakimu, jambo liliamuliwa kwa wingi wa kura, hata swali la hatia.

Lakini huku kwetu kuna baraza lingine ambalo halikuandikwa katika sheria hiyo. Ni mkutano wa kijiji. Sungusungu walipoanza upande wa Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, walituletea usalama wa ng'ombe wetu, na jambo hilo hatulikatai. Ila katika mikutano yao mtu aliweza kutajwa jina, wachache wakasimama kusema "tunamjua," na jioni akawa amekwisha kuhukumiwa. Hapakuwa na wa kuuliza, "Mbona wewe unasema hivi na mwenzako anasema vile?"

Waliolipa zaidi ni bibi zetu. Mtafiti Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameandika kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa kushukiwa uchawi. Wengi wao walikuwa wanawake, na zaidi ya nusu waliuawa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Wakati huo Bariadi ilikuwa ndani ya Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012. Ushahidi ulikuwa nini? Mmoja alisema ameota ndoto, wa pili amesikia kwa mganga, wa tatu ameona macho mekundu. Sisi wauguzi tunajua macho hayo mekundu yanatoka wapi. Yanatoka katika moshi wa kuni na wa samadi ya ng'ombe uliopikiwa kwa miaka hamsini, katika ugonjwa wa vikope usiotibiwa, na katika uzee. Laiti wale mashahidi wangeulizwa mmoja mmoja, ingeonekana kwamba hakuna aliyeona kitu chochote.

Tena hasira ya kutaka kukomesha mauaji hayo nayo ilileta balaa lake. Mwaka 1976, katika mikoa hiyohiyo miwili, dola iliendesha msako wa wauaji. Watu wengi walikamatwa, wakateswa ili wakiri, na baadhi yao wakafa mikononi mwa waliowashika. Januari 1977 mawaziri wawili, Ali Hassan Mwinyi na Peter Siyovelwa, walijiuzulu kuwajibika, pamoja na wakuu wa mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Nia ya msako ilikuwa kuwalinda wanyonge. Lakini neno linalotolewa kwa kipigo si ushahidi, hata kama anayelitafuta ana nia njema.

Kumbukumbu si picha

Wengi wetu tunadhani kichwa cha mtu ni kama kamera: kilichoonekana kimehifadhiwa, kinangoja kuonyeshwa. La hasha! Kumbukumbu hufanana zaidi na ugali unaopashwa moto. Kila unapousonga tena, unaongeza maji kidogo.

Mwaka 1974 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Elizabeth Loftus, pamoja na mwenzake John Palmer, waliwaonyesha wanafunzi filamu ya magari yaliyogongana. Baadaye kundi moja waliwauliza magari yalikwenda kasi gani yalipogongana, na kundi jingine wakawauliza kwa neno kali zaidi, kama kusema yalipopondana. Wiki moja baadaye waliwauliza wote kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika kundi la neno la kawaida, 7 kati ya 50 walisema ndiyo. Katika kundi la neno kali, 16 kati ya 50 walisema ndiyo. Katika filamu ile hapakuwa na kioo kilichovunjika. Neno moja tu la muulizaji lilitosha kumwonyesha mtu kitu ambacho hakikuwapo.

Sasa fikirini shahidi wa kijijini kwetu. Ameamshwa usingizini, panga liko mbele yake, moyo unadunda, mwanga ni wa koroboi. Kisha analala kwa jirani, na usiku kucha wanazungumza yaliyotokea. Asubuhi, hadithi ya jirani imekwisha kuchanganyika na yake, naye hajui. Akienda polisi ataapa kwa roho safi.

Kwa hiyo tusishangae mashahidi wakweli wanapopishana. Mama akimleta mtoto mgonjwa zahanati, husema homa imeanza Jumatatu. Bibi aliyemsindikiza husema Jumamosi. Muuguzi mwenye busara hamwambii mmoja wao kwamba ni mwongo. Huuliza kila mmoja polepole, kisha hupima joto na kuchukua damu, kwa sababu kipimo hakina upande. Hata mtu aliyepigwa, tunaposhughulikia fomu ya polisi namba 3, ile PF3, kidonda chenyewe husema jambo. Jeraha la panga na jeraha la kuanguka juu ya jiwe hayafanani.

Mahakama ya Rufani inatufundisha

Ni vizuri akina mama wajue kwamba mahakama yetu ya juu kabisa imeliona jambo hili tangu zamani. Mwaka 1980, katika kesi ijulikanayo kama ya Waziri Amani, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni wa aina dhaifu sana. Mahakama isiutegemee mpaka iwe imeondoa kila uwezekano wa kukosea. Ikataja mambo ya kuuliza. Shahidi alimwangalia mtu huyo kwa muda gani? Alikuwa umbali gani? Ilikuwa mchana au usiku, na mwanga ulikuwaje? Je, aliwahi kumwona kabla ya hapo?

Hukumu za baadaye zimeongeza kwamba haitoshi shahidi kusema mwanga ulikuwapo. Aseme ulikuwa wa taa gani na wa nguvu gani, maana koroboi si karabai. Na katika kesi ya Marwa Wangiti Mwita, iliyochapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 2002, Mahakama ilisema kwamba shahidi aliyemtaja mtuhumiwa mapema kabisa anaaminika zaidi. Aliyekaa kimya siku nyingi bila sababu, halafu akataja jina, maneno yake yatazamwe kwa shaka.

Na pale mashahidi wanapopishana? Hukumu ya kesi ya Mohamed Said Matula, iliyochapishwa katika ripoti za mwaka 1995, inasema mahakama ina wajibu wa kuzikabili tofauti hizo na kuzitatua pale inapowezekana. Isipowezekana, iamue kama ni tofauti ndogo au kama zinagusa mzizi wa kesi.

Tuchukue mfano. Ng'ombe wameibwa usiku. Shahidi mmoja anasema ilikuwa saa nane, mwingine anasema saa tisa. Hiyo ni tofauti ndogo, maana hakuna anayeangalia saa wakati anakimbia. Kwa kweli, mashahidi watatu wakisema maneno yaleyale kwa mpangilio uleule, hapo ndipo pa kujiuliza kama hawakufundishwa. Lakini shahidi mmoja akisema alimwona kijana zizini Itilima, na mwingine akasema usiku huohuo alikesha naye msibani Nkololo, tofauti hiyo inagusa mzizi. Haiwezekani wote wawili wawe sahihi. Upande wa mashtaka usipoweza kuifumbua, shaka hiyo ni mali ya mshtakiwa, naye aachiwe. Si kazi yake kuthibitisha kwamba hana hatia.

Tusilichukulie hili kama mchezo wa maneno. Kwa sheria yetu ya kanuni za adhabu, anayetiwa hatiani kwa mauaji ya kukusudia huhukumiwa kifo, na Jaji hakuachiwa nafasi ya kuchagua adhabu nyingine. Tarehe 28 Novemba 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ilisema kwamba adhabu ya lazima ya namna hiyo inavunja haki ya kuishi. Kwa Cotton, vipimo vilimkuta bado yu hai. Aliyekwisha kunyongwa hana mlango wa kutokea.

Susana na wazee wawili

Wasomaji wanaotumia Biblia ya Kikatoliki watakumbuka Danieli sura ya 13. Susana, mke mwaminifu, anasingiziwa uzinzi na wazee wawili. Mkutano mzima unawaamini kwa sababu ni wazee na ni waamuzi wa watu, na Susana anapelekwa kuuawa. Danieli kijana anasimama na kufanya jambo moja rahisi: anawatenga wale mashahidi na kumwuliza kila mmoja swali lilelile, ilikuwa chini ya mti gani? Kila mmoja anataja mti wake. Susana anapona.

Danieli hakupiga mtu, wala hakwenda kwa mganga. Aliuliza tu swali ambalo mkutano wote ulikuwa umesahau kuliuliza. Na ule mkutano haukuwa wa watu wabaya. Ulikuwa wa watu waliotazama heshima ya anayesema kuliko wanavyopima alichosema.

Tufanye nini basi?

Kwanza, nyumbani. Fedha zikipotea na macho yote yakamgeukia msichana wa kazi, tusikusanye watoto sebuleni na kuwauliza kwa pamoja. Mkubwa akishasema, wadogo watafuata. Tumwulize kila mmoja peke yake, kwa upole. Tusiulize, "Ulimwona dada akichukua?" Tuulize, "Uliona nini?" Swali la kwanza limekwisha kumpa mtoto jibu, la pili linamwachia aseme lake. Na yule msichana naye asikilizwe, maana ana mama yake kijijini kama sisi.

Pili, tukiwa mashahidi. Uliyemtambua mtaje papo hapo kwa mtu wa kwanza anayefika, awe jirani au mwenyekiti wa kitongoji, na useme ulimtambuaje na kwa mwanga gani. Usiyemtambua, sema hukumtambua. Hata kama marehemu ni ndugu yako, hata kama ukoo mzima unakutazama. Kusema "sikuona vizuri" si kumsaliti marehemu. Kumfunga asiyehusika ndiko kumsaliti, kwa maana muuaji halisi anabaki anatembea gulioni.

Tatu, mkutanoni. Tunao msemo kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Akina mama, msemo huo ukiingia katika kesi ya mtu huua. Likisemwa jina la bibi fulani, na awepo hata mama mmoja wa kusimama na kuuliza, "Nani aliona? Aliona nini? Alikuwa wapi?" Maswali hayo matatu yanaweza kuokoa maisha. Na kama mkutano unaelekea kumdhuru mtu, taarifa ipelekwe polisi bila kuchelewa.

Nne, ndugu akishtakiwa. Usimwambie akae kimya kwa aibu. Kama kuna mtu aliyekuwa naye siku ile, jina lake litajwe mapema ili aitwe kutoa ushahidi. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aulizie msaada wa kisheria, ambao umewekewa sheria yake tangu mwaka 2017. Na akitiwa hatiani, amweleze hakimu au bwana jela mara moja kwamba anataka kukata rufaa, kwani rufaa ina siku zake.

Mwamba ngoma huvutia kwake, na kila shahidi husimulia kutoka pale aliposimama. Hilo ni la kibinadamu. Linaloumiza ni pale sisi tunaosikiliza tunapochagua maneno yanayoturidhisha na kuyaacha yale yanayotusumbua. Yale yanayotusumbua ndiyo ya kuyashika kwanza.

Hadi mwezi ujao, tukijaliwa, tutakapozungumzia homa za watoto wakati wa masika. Mungu azilinde nyumba zenu, na awape wote mnaoamua habari za watu wengine, sebuleni au mkutanoni, sikio lenye subira.